Bunduki Ndani ya Nyumba: Kusafisha, Kutia Mafuta na Kuhifadhi Katika Unyevu wa Mlandizi

Chuma kina maisha magumu Mlandizi. Panga likisahauliwa nje usiku mmoja wa masika, asubuhi limeshabadilika rangi. Bawaba za milango na spoku za baiskeli ni hivyo hivyo. Bonde la mto Ruvu linatoa ukungu, bahari haiko mbali, na mvua zinakuja mara mbili kwa mwaka, vuli kuanzia Oktoba na masika kuanzia Machi. Chuma kisicho na kinga huanza kushikwa na kutu unyevu wa hewa ukipita takriban asilimia 60, na huku Pwani tunapita hapo sehemu kubwa ya mwaka.

Kwa hiyo mwenye bunduki ya leseni, awe mkulima wa mihogo wa Dutumi anayehangaishwa na nguruwe pori, mfugaji wa Magindu, au askari wa wanyamapori aliyestaafu na kujenga Maneromango, ana kazi moja iliyo kubwa kuliko zote: kupambana na unyevu. Bunduki za kiraia haziharibiki sana kwa kutumika. Zinaharibika kwa kukaa. Mtu anaitumia mara mbili kwa mwaka, siku nyingine zote iko uvunguni, ndani ya mfuko wa turubai, na siku anapoihitaji bolti haifunguki.

Nasema na mwenye silaha halali. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inamtambua mtu ambaye jina lake liko kwenye leseni, wala haimtambui mke, kaka au kijana wa kazi. Basi wa kuisafisha ni wewe mwenyewe. Usimtume mtoto wa shangazi eti kwa sababu alipita Ruvu JKT na anajua kufungua silaha. Anajua, ndiyo, lakini leseni si yake.

Iko sababu nyingine ya kuipiga vita kutu, na watu huikumbuka wakati umeshapita. Kila bunduki ina namba yake iliyochongwa kwenye chuma. Polisi walipoendesha uhakiki wa silaha nchi nzima mwaka 2016, ilikuwa ni namba hiyo kukutanishwa na karatasi. Namba iliyoliwa na kutu inakuweka katika maelezo marefu. Iliyosuguliwa kwa msasa ili "ing'ae" inakuweka katika maelezo marefu zaidi, kwa sababu anayefuta namba ya silaha kwa kawaida ana jambo analoficha. Mahali palipo na namba pafute kwa kitambaa laini chenye mafuta, basi.

Kabla ya kufungua chupa ya mafuta

Anayejeruhiwa akisafisha bunduki ni yule aliyeamini haina kitu. Hapa sitafupisha.

Chagua saa ambayo watoto wako shule na hakuna mgeni. Zima simu. Kama umekunywa, hata chupa moja, acha hadi kesho. Weka ndoo kubwa iliyojaa mchanga, au kaa mahali penye kingo nene ya udongo, na mdomo wa mtutu uelekee huko tangu bunduki inapotoka kabatini hadi inaporudi. Usiutegemee ukuta wa tofali. Nyumba zetu zimebanana siku hizi, na nyuma ya ukuta kuna sebule ya jirani.

Magazini inatoka kwanza, ndipo unavuta bolti nyuma. Mpangilio huo si wa kupinduliwa. Ukivuta bolti huku magazini imo, risasi iliyokuwa chemba inaruka nje, unafurahi, kisha unaporudisha bolti mbele inapanda nayo risasi nyingine. Kama magazini ya bunduki yako haichomoki, fungua kifuniko chake cha chini, au zitoe risasi moja moja kwa namna ambayo mtengenezaji ameelekeza. Shotigani ya kuvuta kwa mkono ina mtego wake: risasi hujipanga ndani ya bomba lililo chini ya mtutu, na chemba tupu haimaanishi kwamba bomba ni tupu. Lichungulie, ligusie.

Halafu tazama ndani ya chemba kwa macho, na ingiza kidole kidogo uhakikishe. Macho hudanganyika penye mwanga hafifu. Risasi zote, pamoja na zile za mfukoni, zipeleke chumba kingine uzifungie huko. Ukiitwa mlangoni katikati ya kazi, funga silaha kwanza, na ukirudi anza ukaguzi upya kama vile hujawahi kuufanya.

Jambo la mwisho kabla hujaanza: moto. Dawa nyingi za kusafishia huwaka. Jiko la mkaa liwe mbali, sigara isiwepo, na dirisha liwe wazi.

Vyombo, na ugomvi wa mafuta

Vyombo si vingi. Fimbo ya kusafishia, nzuri zaidi ikiwa kipande kimoja kirefu kuliko mtutu, maana zile za kuungaunga hupinda na maungio yake hukwaruza. Burashi ya shaba ya kipimo cha mtutu wako: ya .375 haitafaa kwenye .30-06, na shotigani ya namba 12 ina yake. Mswaki mkuukuu wa meno. Njiti za meno kwa pembe ambazo mswaki haufiki. Miwani ya kukinga macho, na glovu za mpira. Vitambaa usinunue: fulana ya pamba iliyofuliwa miaka mitatu, au kanga iliyochakaa, kata vipande vya mraba. Nailoni haifai, haina inachonyonya. Tandika magazeti juu ya meza ambayo hamli chakula. Masizi ya bunduki yana chembe za risasi, ile madini yenyewe, ambayo ni sumu hasa kwa watoto, na mkeka wa kulia ndio mahali pabaya kabisa pa kuyamwagia.

Kwenye mafuta ndipo kila kijiji kina mtaalamu wake. Wako wanaoapa kwa mafuta ya nazi. Wazee waliyatumia, ni kweli, kwa sababu ndiyo yaliyokuwepo. Lakini mafuta ya mimea yakikaa hewani yanageuka gundi, na ya nazi yana tabia ya kuganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi. Alfajiri ya Julai katika vilima vya Kisarawe inatosha kuyagandisha, na bolti ikawa nzito wakati unapoitaka iwe nyepesi. Mafuta ya kupikia ni hadithi hiyo hiyo, pamoja na kuwaalika sisimizi.

Oili chafu ya gari ni mbaya zaidi. Imebeba asidi na chembe za vyuma kutoka kwenye injini, nawe unazipaka mahali unapotaka kuzuia kuliwa na kusagika. Petroli usiifikirie: mvuke wake unatambaa chini sakafuni hadi ukute moto, na ukutani kwa jirani kuna jiko. Mafuta ya taa yanaweza kulainisha uchafu mgumu, sina ugomvi nayo, ila hayaachi kinga yoyote. Ukiyatumia yafute yote, kausha, kisha paka mafuta ya kweli.

Dawa ya kupuliza ya WD-40, ambayo kila fundi anayo, iligunduliwa Marekani mwaka 1953 kwa ajili ya kufukuza maji kwenye ngozi za makombora, na kufukuza maji inajua. Umenyeshewa shambani, umefika nyumbani, ipulize. Lakini utando inaouacha ni mwembamba na haukai miezi. Ifute, kisha weka mafuta mazito zaidi.

Mafuta ya kutumia, basi, ni yale yaliyotengenezwa kwa ajili ya bunduki, yanayopatikana kwa wauzaji wa silaha wenye leseni. Yakikosekana, mafuta safi ya cherehani ni mbadala wa heshima. Ni mafuta ya madini, mepesi, na hayageuki gundi. Chupa moja ndogo inamtosha mtu mwaka mzima, na kama inaisha kwa mwezi basi unamwaga kupita kiasi.

Mtutu

Raifo inatofautiana na shotigani kwa mifereji iliyochongwa ndani ya mtutu, inayokipa kichwa cha risasi mzunguko. Mifereji hiyo inakusanya uchafu wa aina mbili: masizi ya baruti, na shaba inayobanduka kwenye koti la kichwa cha risasi. Chini ya uchafu huo unyevu unajificha, na kutu inakula mahali usipopaona.

Chomoa bolti. Safisha kutoka nyuma, upande wa chemba, kuelekea mdomoni. Sababu ni kwamba ukingo wa mdomo wa mtutu ndio unaoigusa risasi mwisho kabisa. Fimbo ikiukwaruza kila mwezi, bunduki itaanza kutupa pembeni na utalaumu macho yako. Kwa bunduki isiyofunguka nyuma, tumia kamba ya kuvutia yenye kizito cha shaba, ile inayotumika jeshini, nayo uidondoshe kutokea chemba.

Pitisha kitambaa kilicholowa dawa ya kuyeyushia masizi, kisha iache bunduki ipumzike kama robo saa. Watu hawana subira hapa. Wanasugua papo hapo kwa nguvu, wakati dawa ingewafanyia nusu ya kazi. Baada ya hapo ingiza burashi, isukume hadi itokeze yote upande wa pili ndipo uirudishe, mara kumi au zaidi kidogo. Usigeuze katikati ya mtutu. Nywele zake zitakunjika na kukwama. Fuata kwa vitambaa vikavu, kimoja baada ya kingine. Cha kwanza kitatoka cheusi, cha pili cha kijivu.

Kikitoka na rangi ya buluu au kijani, hiyo ni shaba. Kuna dawa yake maalumu, mara nyingi ina amonia, harufu inayochoma pua. Isome lebo na ufuate muda uliotajwa. Usiiache ilale humo. Kwa mtu anayefyatua risasi chache kwa mwaka, si lazima kuitafuta shaba hadi chembe ya mwisho.

Ukimaliza, kausha kwa vitambaa viwili, kisha pitisha kimoja chenye mafuta kidogo. Utazame mtutu kwa kuuelekeza kwenye mwanga, bolti ikiwa mezani na wewe ukiwa umeiona chemba kwa macho yako. Unatakiwa kuona mifereji inang'aa. Ukiona vidoa vyeusi ambavyo haviondoki, ni vishimo vya kutu. Vikiwa vidogo na mbele, bunduki itaishi navyo. Vikiwa karibu na chemba, ambako shinikizo ni kubwa, usiipige risasi hata moja kabla fundi mwenye kibali hajaikagua.

Bolti ifute uso wake, na ile ndoana ndogo inayovuta ganda, ambako masizi hujazana. Nyuma ya meno yanayofunga bolti weka grisi, kiasi cha punje ya mchele. Mtambo wa kufyatulia usiufungue. Una springi ndogo na vipimo vya unywele mmoja, na mtambo uliorudishwa vibaya unaweza kufyatua bunduki ikianguka tu. Pulizia kidogo, futa, acha. Kama umelegea au umekaza kupita kawaida, hiyo si kazi ya nyumbani, wala si ya fundi wa baiskeli pale stendi, hata awe hodari vipi.

Sehemu za nje zifute zote, kwa sababu jasho la mkono lina chumvi, na alama ya vidole ya Jumatatu huwa kutu ya Ijumaa. Kila aliyeishika, hata ofisa wa Polisi katika ukaguzi, amekuachia chumvi. Mafuta yawe utando tu: ukipitisha kidole kiteleze, lakini kisilowe. Anayepita barabara ya Makofia, Mlandizi, Maneromango hadi Vikumburu wakati wa kiangazi anajua vumbi lake. Vumbi hilo likikutana na mafuta mengi linakuwa msasa unaosaga kila kinachocheza. Mafuta yaliyozidi pia hutiririka hadi kwenye mbao za kitako na kuzilainisha, au huingia chemba yakaharibu risasi.

Kitako cha mbao kinapenda mafuta ya kitani, matone machache yakisuguliwa kwa kiganja mara moja au mbili kwa mwaka. Hapo kuna hatari ambayo wengi hawaijui: kitambaa chenye mafuta ya kitani kikikunjwa na kutupwa kwenye kona kinaweza kujipasha joto hadi kuwaka chenyewe. Kitandaze nje kikauke, au kiloweke kwenye maji. Na mabaki ya dawa usimwage mtaroni. Maji ya mtambo wa Ruvu Juu, yanayonyweka kuanzia hapa hadi Dar es Salaam, yanatoka kwenye mto huo huo tunaopitishia mitaro yetu.

Shotigani haina mifereji, kwa hiyo ni rahisi. Angalia tu plastiki ya ganda inayoyeyuka na kuganda karibu na chemba, na maungio ya ile inayovunjika kati, ambayo inataka grisi kidogo.

Gobore ni kesi ya peke yake. Baruti nyeusi inaacha majivu yenye chumvi zinazovuta maji hewani, na mafuta hayaondoi chumvi. Maji ndiyo yanayoiondoa. Gobore lenye leseni lililofyatuliwa leo lioshwe leo, kwa maji ya moto na sabuni, likaushwe kabisa, kisha lipakwe mafuta. Ukiliacha hadi kesho, kutu imeanza. Risasi za kijeshi za zamani zenye viwashio vya aina ya kale zina tabia hiyo hiyo, na wengi wameharibu raifo nzuri kwa kuzipaka mafuta juu ya chumvi wakidhani wamezitunza. Gobore la mtu mwingine, usilolijua kama limeshindiliwa au la, usiliguse. Halina chemba ya kuchungulia.

Pa kuiweka

Uvunguni, juu ya kabati la nguo, nyuma ya mlango, ndani ya mfuko wa ngozi. Hayo ndiyo makazi ya bunduki katika nyumba nyingi, na yote ni mabaya. Mfuko wa ngozi au wa turubai ni wa safari tu. Ngozi imetengenezwa kwa chumvi na dawa, turubai linanyonya maji, na sponji ndani yake halikauki wiki nzima. Hali kadhalika kuziba mdomo wa mtutu kwa kitambaa: nia ni kuzuia vumbi, matokeo ni kufungia unyevu ndani.

Inatakiwa sefu au kasha la chuma lenye kufuli, lililofungwa ukutani au sakafuni kwa bolti ili mwizi asiliondoe zima zima. Kwenye nyumba ya tofali za saruji ni kazi ya saa moja kwa fundi mwenye drili. Kwenye nyumba ya udongo ukuta hautashika; funga kasha kwenye sakafu ya zege, au mimina zege dogo mahsusi kwa ajili yake. Liinue juu ya vipande vya mbao ngumu, maana sakafu ya saruji hupandisha maji kutoka ardhini, na lisogeze mbali kidogo na ukuta. Ukuta wa bafuni na wa jikoni uepuke. Kasha la mbao peke yake silipendekezi huku kwetu: mchwa wakimaliza kasha wanahamia kwenye kitako.

Ndani ya kasha weka vifuko vya kunyonya unyevu, vile vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu na redio, ila vikubwa zaidi na vingi. Vikishiba havifanyi kazi tena, na hilo ndilo linalosahaulika. Zile punje zenye rangi hubadilika zikishiba. Zile zisizo na rangi zikaushe kwenye sufuria kavu juu ya moto mdogo, kila baada ya wiki chache wakati wa masika. Mchele ambao wengine huuweka kwenye kikopo unanyonya kidogo mno, na unaleta wadudu.

Isimamishe bunduki mdomo ukiwa chini, juu ya kipande cha mpira, ili mafuta yasishukie kwenye mbao. Bolti ichomolewe ikafungiwe mahali pengine, kama bunduki yako inaruhusu. Mwizi akivunja kasha atapata bomba.

Ufunguo nao usiwe juu ya kizingiti cha mlango. Kila mtoto wa nyumba hii anajua kilichoko juu ya kizingiti, chini ya godoro na ndani ya koti la baba. Tembea nao. Na usidanganyike kwamba watoto wameonywa hivyo hawatagusa. Mtoto aliyeonywa ndiye anayejua kuna kitu cha kutazama.

Ukisafiri muda mrefu, nenda kituo cha Polisi ukaulize utaratibu wa kuikabidhi hadi utakaporudi, badala ya kumwachia shemeji ufunguo.

Kuna mgeni mmoja anayestahili aya yake: nyigu. Wale wanaojenga kwa udongo wanatafuta tundu lolote lenye upana wa kidole, na mtutu uliosimama stoo ni nyumba waliyojengewa bure. Risasi ikikutana na udongo ule ndani ya mtutu, mtutu hupasuka, karibu na uso wa aliyelenga. Ndiyo maana kila mara kabla ya kutoka na silaha, bolti ikiwa nje, unautazama mtutu kwenye mwanga na kupitisha kitambaa kikavu kuondoa mafuta yaliyolala.

Risasi

Zinakaa kwenye kopo la chuma lenye mfuniko unaobana, chini ya kufuli lake, mbali na bunduki. Zisikae darini chini ya bati, wala kwenye dashibodi ya gari. Joto linazeesha baruti, na unyevu unaua kiwashio. Mkanda wa ngozi wenye vitundu ni wa kuvaa siku ya mawindo. Risasi zikikaa humo, ngozi hutoa ukijani kwenye maganda ya shaba. Usizipake mafuta wala kuzipulizia chochote. Zifute kwa kitambaa kikavu tu.

Historia ya pwani yetu ina mfano mzuri wa risasi na maji. Aprili 1915, meli ya Wajerumani iitwayo Rubens iliyobeba bunduki na risasi kwa jeshi lao lililoongozwa na von Lettow-Vorbeck ilishambuliwa na manowari ya Kiingereza Hyacinth katika ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga. Shehena iliokolewa, lakini risasi zilikuwa zimelowa maji ya bahari. Ilibidi zifumuliwe, baruti ikaushwe, zirudishiwe, na hata baada ya kazi yote hiyo nyingi hazikulipuka. Lile lilikuwa jeshi lililozingirwa, halikuwa na pa kupata nyingine. Wewe unaye muuzaji mwenye leseni. Risasi iliyolowa, yenye ukijani, iliyopinda au iliyopasuka shingo, ipeleke Polisi. Usiichimbie shambani, maana jembe litaikuta, wala usiitupe Ruvu.

Ukifyatua ikakataa, shikilia bunduki ikiwa imeelekea mahali salama kwa nusu dakika nzima kabla ya kufungua. Kiwashio kibovu wakati mwingine huchelewa tu.

Nyumba ikishika moto na umepiga 114 kuwaita Zimamoto, waambie mara wanapofika kwamba kuna risasi ndani na ziko chumba gani. Waliokuwa upande wa Pugu na Kisarawe tarehe 16 Februari 2011, maghala ya jeshi ya Gongo la Mboto yalipolipuka, hawana haja ya kuelezwa zaidi. Kopo lako si ghala, lakini mzimamoto ana haki ya kujua.

Ratiba, na silaha ya marehemu

Ikitumika, safisha siku hiyo hiyo. Ikinyeshewa, hata kama haikufyatuliwa, kausha siku hiyo hiyo. Ikitoka kwenye gari lenye kiyoyozi, iache ipoteze ubaridi kwanza, kwa sababu hewa yetu ya joto huganda kuwa matone juu ya chuma baridi; ifute ndipo uifungie. Isipotumika, masika na vuli ifungue kila wiki mbili uipitishie kitambaa chenye mafuta, na kiangazi mara moja kwa mwezi inatosha. Ukaguzi mkubwa ufanye kila unapojiandaa kuhuisha leseni, uone kama namba ya silaha bado inasomeka.

Imebaki bunduki moja ambayo hakuna anayeisafisha: ya baba aliyefariki. Ipo nyumba kadhaa katika kila kata, imefungwa kwenye shuka, mama haigusi kwa heshima, watoto wanabishana nani airithi. Silaha hairithiwi kama shamba. Leseni ilikuwa ya marehemu, na anayebaki nayo bila kutoa taarifa anaishi na silaha isiyo halali hata kama alikua akiiona ukutani. Tena huenda ina risasi chemba tangu siku ya mwisho ilipotumika. Usiifungue, usijaribu kuipaka mafuta ili ionekane nzuri mbele ya ofisa. Mama, au mkubwa wa watoto, nenda kituo cha Polisi na leseni ya zamani pamoja na cheti cha kifo, eleza ilipo, na waache wao waje kuichukua. Anayetaka kuimiliki ataomba leseni yake kwa jina lake. Na kwa mwenye silaha isiyo na karatasi kabisa, Septemba ndio mwezi ambao Umoja wa Afrika umeutenga kila mwaka kwa kusalimisha silaha haramu. Fuatilia tangazo la Serikali, ujue masharti ya msamaha kabla muda haujapita.